Safari Ndefu ya Marahaba

Shikamoo haijitoshelezi. Anayeitoa husubiri mkubwa aipokee kwa marahaba, na mtoto aliyelelewa vyema hajui kuondoka kabla ya jibu hilo. Wengi husimulia kwamba neno lenyewe ni kifupi cha "nashika miguu yako". Basi chukua mtu aliyeko Dar es Salaam, Nairobi, Maskati au Minnesota, na miguu ya bibi yake iko Rombo, Makunduchi au Lamu. Sikukuu imefika. Ataishikaje? Nimelifuatilia swali hilo katika historia ya pwani na bara letu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba shikamoo imepata vyombo vingi vya kusafiria. Iliyopata tabu ni marahaba.

Kwa karne nyingi chombo kilikuwa jahazi, na mwenye amri alikuwa upepo. Kaskazi ilianza kuvuma karibu na Desemba, ikaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Familia zilizokuwa na mguu mmoja Unguja au Mombasa na mwingine Maskati au Hadhramaut ziliishi kwa saa hiyo ya bahari. Lakini Idi haina msimu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huuzunguka mwaka mzima: leo iko ndani ya kaskazi, miaka kadhaa baadaye iko katikati ya kusi. Kijana aliyetaka kumwamkia baba yake kwa barua aliituma upepo uliporuhusu, hata kama mwezi ulikuwa bado kuandama au ulishapita zamani. Baba naye alijibu upepo ulipogeuka. Kati ya shikamoo na marahaba yake pakapita nusu mwaka, na nusu mwaka ni muda mrefu kwa mzee.

Kuandika kwenyewe watu wa pwani walikuzoea mapema. Barua za Kiswahili za zamani zaidi tulizo nazo, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilitoka Kilwa na jirani zake mwanzoni mwa karne ya 18, nazo zilihifadhiwa Goa kwa kuwa zilihusu mambo ya watawala na Wareno. Barua za watoto kwa wazazi hazikupata kabati la serikali. Zilisomwa, zikakunjwa, zikaliwa na mchwa.

Kuelekea bara hali ilikuwa ngumu zaidi, maana huko barua ilibebwa na miguu ya watu. Stanley alipofika Ujiji Novemba 1871 alimkabidhi Livingstone mfuko wa barua uliotoka Unguja mwaka mmoja nyuma na kukwama Unyanyembe, karibu na Tabora. Naye Livingstone alikuwa na balozi wa kumshughulikia. Wapagazi na wafanyabiashara wa pwani waliofunga Ramadhani Ujiji au Nyangwe, huku mama zao wakiwa Bagamoyo au Pangani, walitegemea msafara unaorudi, na zaidi ya karatasi walitegemea mdomo: mtu wa kusema nimemwona, ni mzima, anakuamkia.

Kuna mmoja wa zama hizo aliyetuachia maandishi ya kutosha kuujua uchungu wenyewe. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka kwa siri mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Baba na mama walikuwa wameshafariki. Wakubwa waliobaki ni kaka na dada zake na wale waliomlea katika majumba ya Mtoni na Watoro. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anazieleza Ramadhani na Idi za utotoni kwa undani ambao mtu hawi nao isipokuwa amekuwa akizirudia moyoni kila mwaka. Barua aliandika. Meli za posta zilikuwepo, na mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Mwaka 1885 akarudi mwenyewe, akafika hadi bandarini; kaka yake, Sultani Barghash, hakumpokea. Akarudi tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na bado hakupata alichokitafuta. Alifia Ujerumani mwaka 1924 na kuzikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Unguja. Kwa mwanamke wa zama zake vyombo vya kupeleka salamu havikumpungukia. Alikosa wa kumwitikia.

Watu wa kawaida walitawanywa na reli. Reli ya Uganda ilifika ziwani Kisumu Desemba 1901. Ya Tanga ikafika Moshi 1911. Ya kati, kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma 1914. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukahitaji mikono, na mikono ikachukuliwa mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wangoni kutoka Songea, Warundi kutoka ng'ambo ya mpaka. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuwakusanya na kuwasafirisha vibarua. Mkataba ulikuwa na mwisho, ila wengi walirefusha mkataba wakahamisha na maisha, na huko kwao wazazi wakazeeka wakiulizia.

Aliyerudi aligeuka barua. Alipewa maji, akakalishwa, wazee wakakusanyika, naye akatoa salamu moja moja kwa majina ya waliozituma na walengwa wake. Kusahau jina kulikuwa kosa kubwa, kwa sababu mama aliyerukwa alirudi kwake akijua mwanawe ama amekufa ama amemsahau. Nimekutana na wazee wa Kigoma waliokuwa bado wanaweza kutaja nani alirukwa.

Vita Kuu ya Pili iliwapeleka vijana mbali kuliko shamba lolote. Desemba 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wamefika Kalewa, kwenye mto Chindwin, Burma, baada ya kupita bonde la Kabaw katika mvua na malaria. Wengi wao hawakujua kuandika. Barua ya Krismasi iliandikwa na mwenzao aliyesoma misheni, ikapekuliwa na afisa, ikavuka bahari, ikamfikia chifu au padri, ikasomwa mbele ya mama. Hesabu mikono hiyo. Kijana alimsalimu mama yake akiwa na wasikilizaji watatu katikati, na mama, akitaka kujibu, alianza upya mlolongo uleule kutoka upande wa pili.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii, na ndipo ninapotaka kukaa.

Tunasema barua ni nusu ya kuonana, na kwa miaka mingi tuliishi kwa nusu hiyo. Posta zetu hazikupeleka barua mlangoni. Mtu alikuwa na S.L.P., na kijijini S.L.P. ilikuwa ya shule, ya parokia, ya usharika au ya duka la mtu. Jumapili baada ya ibada majina yalisomwa, na bibi aliyesikia jina lake alinyanyuka mbele ya kanisa zima kwenda kuchukua bahasha asiyoweza kuisoma. Ndani yake kulikuwa na maneno ambayo kila mtu wa umri wangu anayajua kwa moyo: mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Wapo walioyacheka maneno hayo kuwa ya kukariri. Mimi nayatetea. Kijana asiyejua aanze vipi kumwandikia mzazi wake alipewa mlango wa kuingilia wenye heshima, na mzazi aliposikia mlango huo ukifunguka alijua mwanawe bado ana adabu.

Nilikuwa mwandishi wa bibi yangu nikiwa darasa la tano. Alinikalisha mwezi wa Novemba, ili jibu liwahi Krismasi, akatamka nami nikaandika kwa kalamu ya risasi kwanza, kisha wino. "Mwambie baba yako mdogo, mahindi yameliwa na nyani." Nikaandika. "Mwambie mguu unaniuma." Nikaandika. Kisha alinyamaza kidogo, akasema jambo moja kuhusu babu, akaniangalia, akasema, "Hilo usiandike, mume wangu." Kwa miaka yote ile baba mdogo alipata barua za mama yake zilizochujwa na masikio ya mtoto wa miaka 11. Mzee asiyejua kuandika hakuwa na faragha na mwanawe. Alichoweza kumwambia ni kile tu ambacho mjukuu, mwalimu au katekista aliruhusiwa kukisikia.

Kwa sababu hiyo sikubali kampeni ya elimu ya watu wazima Tanzania isimuliwe kwa habari za kilimo bora na uzalishaji peke yake. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kufikia 1977 wasiojua walikuwa asilimia 27, na 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Wanawake wenye wajukuu walikaa jioni chini ya mwembe, wakafinyanga herufi. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Barua yake ya kwanza kwa mkono wake ilikuwa na mistari sita, na hakutuonyesha. Kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kufanywa kwa ajili ya wazee wa nchi hii, na hayajapewa sifa yake.

Siasa nazo ziliweza kufunga kile posta ilichofungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Hizo ni Krismasi sita. Pale Holili na Taveta, Sirari, Namanga, Horohoro na Vanga, kulikuwa na watu ambao shangazi yao alikaa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, naye akawa wa ng'ambo. Waliopita njia za panya walipita; wazee wenye magoti mabovu walibaki wakitazama kilima. Unguja ilikuwa na jeraha lake la tangu mapinduzi ya 1964, pale familia zilipokatika vipande kati ya kisiwa na Maskati, Dubai na Uingereza, na kwa miaka kadhaa kuandika barua nje kulihitaji moyo.

Juu ya mipaka yote hiyo ilipita redio. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza mwaka 1951. Baadaye zikaja Sauti ya Kenya na Radio Tanzania, na vipindi vya salamu vikawa sikukuu ndani ya sikukuu. Ulinunua kadi, ukajaza jina lako na majina ya unaowasalimu, ukaituma mapema, ukaomba wimbo. Kisha ukasubiri. Mtangazaji aliposoma jina la mama yako wa Tukuyu au Kakamega, kijiji kizima kilisikia, na heshima ile haikuwa ndogo: jirani aliyesema mtoto wako amepotelea mjini alinyamazishwa na redio. Ila redio haina sikio. Bibi yangu aliijibu hata hivyo. Salamu yetu iliposomwa, aliinamisha kichwa kuelekea lile sanduku la mbao juu ya kabati akasema, "Marahaba, wanangu." Sisi tulikuwa kilomita 500 kutoka hapo na hatukuisikia.

Kadi za Krismasi na Idi zilizoning'inizwa kwenye uzi sebuleni zilikuwa nzuri kutazama. Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo ilikuwa fupi, na wazee waliiogopa kwa sababu mara nyingi ilileta msiba.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, ikiwa ya matajiri. Miaka ya 2000 ilipoanza, Safaricom na Kencell nchini Kenya, Vodacom na Celtel nchini Tanzania, ziliipeleka kwa watu. Vijijini mtandao ulikuwa na mahali pake: juu ya kichuguu, chini ya mparachichi fulani, kwenye kona ya uzio wa kanisa. Mjukuu alimshika bibi mkono akampandisha hapo siku ya Krismasi. Na huko, kwa mara ya kwanza tangu watu wetu waanze kusafiri, shikamoo ilitoka mbali na marahaba ikarudi kabla mtu hajapumua. Sijui kama tuliutambua ukubwa wa jambo hilo. Tulikuwa tunahofia vocha kuisha.

Tena kulikuwa na kubipu. Vijana walibipu kwa ujanja wa kubana pesa, lakini kwa mzee ilikuwa zaidi ya hapo. Kwa karne zote nilizozipitia, aliyekuwa na uwezo wa kuanzisha mazungumzo ni yule aliyeondoka: ndiye mwenye nauli, mwenye stempu, mwenye kadi ya salamu. Sasa bibi mwenye kitochi na salio dogo tu aliweza kubonyeza namba, ikaita mara moja, akakata. Na mwanawe mjini akajua ameitwa. Mzee akapata tena uwezo wa kuita.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, ikitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Waliokuwa wakitia noti ndani ya bahasha na kumwomba dereva wa basi, au waliojaza fomu za mani oda na kungoja wiki, wanajua tulichopata. Wazee walinunua dawa siku hiyohiyo, mbuzi wa sikukuu akapatikana. Siidharau fedha; mkono mtupu haulambwi. Lakini nimeona kilichoingia pamoja nayo. Ukishatuma hela, simu yako inatetema na kukuambia imethibitishwa. Jina la mama limeandikwa hapo, kiasi, tarehe na saa. Moyo unatulia kama umeshaongea naye, na hujaongea naye. Huko upande wa pili anayesoma ujumbe ni mjukuu, anayejua namba ya siri ni mjukuu au wakala, na bibi anakabidhiwa noti akiambiwa ni za fulani. Tumerudi kwenye ile mikono mitatu ya Burma.

Kwenye Idi jambo hili lina maumivu yake. Mkono wa Idi ulikuwa wa mkubwa kumpa mdogo. Watoto walizunguka nyumba kwa nyumba wakiwashika wazee mikono, wakipewa sarafu. Leo fedha inapanda kutoka kwa kijana wa Maskati au dada wa kazi Riyadh kwenda kwa bibi Unguja, Tanga au Malindi. Bibi anapokea, anashukuru, na hana wa kumpa.

Wachaga wameshikilia jibu la zamani kuliko vyote, la kwenda wenyewe. Watu husema kila Desemba wanakwenda kuhesabiwa. Neno hilo ni la utani, ila ndani yake mna ukweli: mkubwa wa ukoo anataka kuona nani yupo, nani kaoa, nani kagombana na nani. Kihamba, yaani shamba la ukoo, ndicho kilichobeba makaburi ya waliotangulia na ndipo mazungumzo hufanyika, kwa mbege na nyama, na wenye ugomvi hutakiwa kusameheana kwa jani la isale. Kahawa na shule za misheni ndizo zilizowatoa mlimani, na nauli ya kurudi imekuwa bajeti ya lazima ya nyumba nyingi za Dar es Salaam. Desemba 2019, baada ya takriban miaka 25, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika tena Moshi, na watu waliipokea kama ndugu aliyepotea.

Hata hivyo kuna mlinzi anayebaki kulinda nyumba ya tajiri aliyekwenda kwao. Kuna muuguzi wa zamu, dereva wa basi lenyewe, mpishi wa hoteli, binti wa kazi aliye Ghuba na pasipoti yake iko kwa mwajiri. Mwaka 2020 tulionja wote hali yao: Nairobi ilifungwa kutoka Aprili 6 hadi Julai, Pasaka ikapita Aprili 12, Idi ikapita Mei, na aliyempenda mama yake wa kijijini aliambiwa kwamba kumpenda ni kukaa mbali naye. Wengi walifahamu wakati huo kwamba namba ya mama waliyokuwa nayo ilikuwa ya kumtumia hela tu, tena imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Kati ya vyombo vya sasa ninachokisifu bila kusita ni ujumbe wa sauti, ulioingia WhatsApp mwaka 2013. Picha za maua zenye maneno ya heri zinazorushwa kwa watu 200 kwa mpigo sina la kusema juu yake. Sauti ni jambo jingine. Haihitaji mzee ajue kusoma wala mjukuu aandike, na bibi akitaka, humtoa mtoto chumbani kwanza. Anaongea polepole, anakohoa, kuku wanasikika nyuma yake, anasahau alichotaka kusema, anakumbuka. Wanaoishi Maskati na Toronto wanausikiliza mara kumi. Ninao ujumbe mmoja wa bibi yangu wa sekunde 41, wa Krismasi yake ya mwisho. Unaanza na marahaba.

Sikukuu hii usianze na hela. Piga kwanza simu ya mzee wako, iite mpaka aipate alipoiweka, sema shikamoo, halafu nyamaza. Kama ana la kukuambia ambalo mjukuu hapaswi kulisikia, mpe nafasi amtume mtoto dukani.